SHALI YA LESI HAIJAISHA MPAKA UIWAMBE!

Wadau, niko huku Njombe kwenye baridi ile mbaya. Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimefunga duka. Sijafunga. Nilikuwa na kazi ya mikono iliyotaka kunitoa roho, na leo nataka niwaeleze yote, maana najua kuna watu humu wanasaka dili la kufanya nyumbani na hawana mtaji wa maana.

Leo hakuna siasa wala mpira. Leo ni shali. Shali ya lesi, ile yenye matundu matundu kama utando wa buibui, iliyofumwa kwa sindano mbili na uzi.

Kabla hamjaanza kunicheka kwamba mwanaume mzima nafuma, niwape moja tu. Kule Peru kuna kisiwa kinaitwa Taquile. Huko wanaume ndio wanaofuma kwa sindano, wanafundishwa tangu wadogo, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wa nguo wa kisiwa hicho kama urithi wa dunia nzima. Kwa hiyo mshikaji, cheka taratibu.

Mimi nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye miaka yote amefuma masweta ya shule. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nakaa naye, na kwa sababu sikuwa na kazi nikaanza kumsaidia. Masweta niliyaweza. Lesi ndiyo ilinitia adabu.

ILIVYOANZA

Mwezi Mei alikuja mama mmoja wa hapa mtaani. Binti yake alikuwa na sendoff, na yeye alitaka shali nyeupe ya lesi ya kujitanda siku hiyo, maana ukumbi wa huku usiku ni friji. Tukakubaliana sh. 40,000. Akatanguliza 15,000. Nami nikaahidi kwa mbwembwe zote, "Mama usiwe na wasiwasi, utaipenda."

Nikaenda dukani nikanunua uzi mweupe, huu wa kawaida unaouzwa kila mahali. Nikafuma wiki tatu. Nilipomaliza nikaitandaza kitandani... jamani! Ilikuwa imejikunja, imesinyaa, matundu hayaonekani, kingo zimejiviringa kama jani la mgomba lililokauka. Nikajiambia, tatizo ni mikunjo tu, ngoja nipige pasi.

Hapo ndipo nilipoua. Pasi ilipogusa tu, uzi ukalainika, ukalala bapa na kung'aa kama nailoni, na sehemu nyingine ukanasa kwenye pasi kabisa. Wiki tatu zimeenda. Na ile 15,000 ilishaliwa zamani.

SOMO LA KWANZA: JUA UZI WAKO

Basi nikaingia kafe, nikalipia saa nzima, nikaanza kusoma. Kumbe uzi mwingi wa madukani kwetu ni akriliki, yaani ni plastiki iliyotengenezwa kiwandani ikafanana na sufu. Plastiki haijali maji. Inajali moto. Ukiizidishia joto inalegea, na haitarudi tena ilivyokuwa.

Sufu ya kondoo ni habari nyingine. Sufu ni nywele, na imejengwa kwa protini ileile iliyo kwenye nywele zetu, inaitwa keratini. Akina dada mlioko saluni mnalijua hili kuliko mimi: nywele zikiwa mbichi unazizungushia rola, unakaa chini ya drai, zikikauka zinabaki na umbo la rola. Kinachotokea ni kwamba maji yanaachanisha vifungo vidogo vilivyomo ndani ya unywele, na maji yakitoka vifungo vinajifunga upya pale unywele ulipo wakati huo. Sufu inafanya hivyohivyo. Ukiivuta ikiwa mbichi na kuishikilia mpaka ikauke, inabaki ilipovutwa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walishamaliza.

Utajuaje kama uzi ni sufu? Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, kiwashe. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe ukiutoa, na majivu yanapondeka kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha donge gumu jeusi. (Fanyeni nje, tena kwa uangalifu. Sitaki kusikia mtu kachoma nyumba kwa ajili yangu.)

SUFU NAIPATA WAPI? MTUMBANI!

Hapa ndipo penye mchongo. Uzi wa sufu dukani kwetu ni adimu, lakini masweta ya sufu yamejaa mitumbani. Mimi nilipata moja la rangi ya maziwa kwa sh. 4,000, likiwa na lebo ndani inayosema ni sufu tupu. Unalifumua, unapata uzi. Ila si kila sweta linafaa:

- Angalia mishono ya ndani. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache. Ukifumua utapata vipande vifupi vifupi. Tafuta lile ambalo vipande vimefumwa na kingo zake nzima, kisha vikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo.
- Kama limegandamana kama blanketi nzito, liache. Limeshafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi zimeshikana, halifumuki.
- Chagua lenye uzi mwembamba. Lesi inataka uzi mwembamba.

Fumua kuanzia juu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usivurugike, ulowe majini, kisha uutundike na kitu chepesi chini, kama chupa ndogo ya maji. Ukikauka ule uzi uliokuwa umejikunjakunja kama tambi unakuwa umenyooka.

SASA TUFUME

Siri ya lesi ni hesabu ya darasa la pili: kujumlisha na kutoa. Ukizungusha uzi juu ya sindano kabla ya kufuma kitanzi kinachofuata, unapata tundu, na vitanzi vimeongezeka kimoja. Ukifuma vitanzi viwili kwa pamoja, vimepungua kimoja. Idadi ya matundu ikilingana na idadi ya vitanzi ulivyounganisha, hesabu inabaki palepale na ua linajitokeza. Ndiyo hiyo tu! Mengine yote ni kupanga wapi uongeze na wapi upunguze.

Ua nililofuma mimi linatoka visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland, na linaitwa Old Shale. Lina mistari minne tu inayorudiwa, na linaenda kwa vitanzi 18. Mimi nilianza na vitanzi 96: maua matano (90) na vitanzi 3 vya pindo kila upande, ambavyo unavifuma kawaida kila mstari. Sindano zilikuwa za milimita 5. Kwa uzi mwembamba hizo ni nene, na ndivyo inavyotakiwa, maana kitambaa kinatakiwa kiwe na nafasi.

Mstari wa 1: fuma kawaida wote.
Mstari wa 2: fuma kinyume wote.
Mstari wa 3: vitanzi viwili pamoja mara 3, kisha zungusha uzi na fuma kimoja, mara 6, kisha viwili pamoja mara 3. Rudia hivyo kwa kila vitanzi 18.
Mstari wa 4: fuma kawaida wote.

Piga hesabu: mwanzo vitanzi 6 vimekuwa 3, katikati 6 vimekuwa 12, mwisho 6 vimekuwa 3. Jumla 18 palepale. Sehemu unayopunguza inavutwa, sehemu unayoongeza inasukumwa, ndiyo maana mistari inapinda kama mawimbi.

Mambo mawili yataokoa maisha yako. La kwanza, kila ukimaliza mstari wa 3, hesabu. Vikiwa 95 au 97 kuna mahali umechapia, rekebisha hapohapo. La pili, kila baada ya mistari kumi au ishirini, pitisha uzi mwembamba wa pamba ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uuache humo. Huo ni uzi wa akiba. Ukikosea mbele, unafumua mpaka ulipo uzi huo na kuishia hapo, badala ya kufumua shali nzima huku unalia. Mimi niliupuuza mara moja tu, na nilirudi nyuma siku mbili.

Na ukifika mwisho, funga vitanzi kwa ulegevu. Ulegevu haswa! Ukifunga kwa kubana, ukingo ule hautavutika, na hatua inayofuata itakushinda.

"HILI SI TAMBARA LA DEKI?"

Nilimaliza shali ya pili kwa siku 16, kama saa nne kila siku. Sendoff ilikuwa Jumamosi. Alhamisi mchana yule mama akapita kuangalia. Nikamtolea.

Wadau, shali ilikuwa ni ileile! Sufu safi, hesabu safi, lakini imesinyaa vilevile, upana wa sentimita 40, urefu kama mita moja na robo, matundu yamejifumba kama macho ya mgonjwa. Mama akaishika kwa vidole viwili. "Hili si tambara la deki?" Nikakosa neno. Akasema hatovaa kitu kile mbele ya wakwe, na Jumamosi asubuhi anataka 15,000 yake. Akaondoka bila kuaga.

Sikuwa na 15,000. Nikakaa kibarazani nimeinamisha kichwa. Shangazi akatoka, nikamwamkia, hata sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba mwanangu. Umefiwa?"

Nikampa shali. Shangazi hajawahi kufuma lesi, yeye ni wa masweta. Akaivuta kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga. Ilipovutwa matundu yakafunguka, alipoiachia yakafumba. Akairudia mara mbili.

"Mbona ukiivuta ni nzuri? Mwanangu, wewe ulishaona ngoma inalia kabla haijawambwa?"

Hapo kichwa kikafunguka. Nikakumbuka picha nilizoona kule kafe: shali za Shetland zimenyooshwa kwenye fremu za mbao nje ya nyumba. Mimi nilidhani ni maonyesho! Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kule zamani kulikuwa na watu kabisa ambao shughuli yao ilikuwa kufua shali zilizokwisha kufumwa na kuziwamba. Anayefuma ni mmoja, anayewamba ni mwingine.

Kwa nini lazima? Kwa sababu kitambaa cha kufuma ni kama springi, vitanzi vyote vinajivuta vikutane. Kwenye sweta hiyo ni faida, linakukumbatia. Kwenye lesi ni adui, maana tundu ni nafasi tupu, halina kitu cha kulishikilia liwe wazi. Lazima ulifungue wewe, likaukie likiwa wazi.

JINSI YA KUWAMBA

1. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, weka shampuu kidogo. Sabuni ya unga kali hapana. Zamisha shali, iache dakika 20 hadi 30 mpaka ilowe mpaka ndani. Usisugue! Maji ya moto na kusugua ndivyo vinavyogeuza sufu kuwa blanketi, na ikishakuwa blanketi hairudi.

2. Suuza kwa maji ya uvuguvugu uleule. Itoe ukiwa umeibeba yote kwa mikono miwili, usiininginize, maana maji ni mazito na yataivuta vibaya. Kamua kwa kubonyeza, si kwa kusokota.

3. Itandaze kwenye taulo, viringisha taulo kama chapati, kisha ikanyage kanyage. Unataka shali mbichi, siyo inayochuruzika.

4. Tandaza shuka jeupe juu ya godoro. (Siyo kanga mpya, rangi itahamia kwenye shali.) Kwenye kingo ndefu mbili mimi nilipitisha spoku mpya za baiskeli, nimezifuta mafuta mpaka zikawa safi, nikizichomeka tundu baada ya tundu. Spoku inanyoosha ukingo wote kwa mara moja, hivyo pini chache zinatosha kuishikilia. Kama huna spoku, pitisha uzi imara wa pamba, uukaze kwa pini.

5. Shika futi ya fundi cherehani. Anza katikati, vuta upana, bana kwa pini. Nenda upande mwingine, vuta, pima, bana. Usimalize upande mmoja ndipo uhamie mwingine, itakwenda mshazari. Kwenye ncha mbili fupi, weka pini kwenye kila kilele cha wimbi ili wimbi lichongoke. Tumia pini zisizoshika kutu. Pini za ofisini zitakuachia madoa ya kahawia, nimeshuhudia.

6. Vuta kiasi gani? Mpaka matundu yafunguke na kitambaa kilale tuli kama ngozi ya ngoma, lakini uzi usilie. Kama kuna sehemu unahisi itakatika, legeza.

7. Acha ikauke KABISA. Ukitoa pini ikiwa na unyevu, itarudi ilikotoka na umepoteza muda wako. Kwa baridi ya huku inaweza kuchukua zaidi ya siku moja. Usiianike kwenye jua kali.

Na wale ambao tayari mna shali ya akriliki, msikate tamaa. Ibane kwa pini vilevile, halafu weka kitambaa kibichi juu yake, na pasi ya moto uishikilie juu ya kitambaa BILA kugusa, ule mvuke tu ndio ushuke. Iache ipoe kabla ya kutoa pini. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, maana ukizidisha ndiyo yatakukuta ya kwangu.

JUMAMOSI ASUBUHI

Nilibana pini mpaka saa sita usiku, na mkononi nilikuwa na tochi ya simu maana umeme ulikatika (si mnajua tena). Godoro lilikuwa na mgeni, kwa hiyo nililala kwenye mkeka siku mbili. Ijumaa jioni niliigusa, bado ina ubaridi wa unyevu. Nikajizuia. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa kavu. Nikatoa pini moja moja huku nimebana pumzi, nikingoja isinyae.

Haikusinyaa. Upana 58, urefu mita 1.7. Mawimbi yamepangana, matundu yote wazi, nyepesi kiasi kwamba nikiipuliza inatikisika.

Yule mama alifika saa mbili akiwa ameshakunja sura, anadai hela yake. Shangazi ndiye aliyemfunika nayo mabegani, hata hakusema kitu. Mama akaiangalia, akashika pindo, akauliza, "Hii umeinunua wapi?" Nikamwonesha matundu ya pini kwenye shuka. Akacheka, akatoa 25,000 yote, akaondoka nayo mabegani asubuhi ileile.

ILA BADO KUNA MAWILI

La kwanza: kama miezi miwili baadaye alirudi. Kaifua vizuri tu, kaianika kwenye kamba, imerudi ndogo. Alidhani nimemuuzia feki. Kosa langu, sikumwambia kwamba maji yanafungua vile vifungo upya, kwa hiyo kila ukifua unawamba tena. Nilimwambia tena bure. Namaanisha nilimwambia, na nikamuwambia, vyote viwili! Siku hizi kila shali inatoka na karatasi ya maelezo.

La pili ni pesa. Siku 16 mara saa nne ni saa 64. Toa bei ya sweta, zimebaki 36,000. Gawanya: haifiki sh. 570 kwa saa, na hapo sijahesabu ile niliyoiunguza wala kazi ya kuwamba. Kule Shetland walishapitia haya. Kisiwa cha Unst kilisifika kwa shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa (Orenburg kule Urusi nao wana zao za manyoya ya mbuzi, nazo zinapita kwenye pete). Lakini serikali ya Uingereza ilipotuma uchunguzi huko, ripoti yake ya mwaka 1872 ilionesha wanawake wengi waliofuma walikuwa wakilipwa chai na vitambaa vya dukani badala ya pesa taslimu. Kazi inapita kwenye pete, malipo ni majani ya chai! Na sisi tunao wateja wa namna hiyo, wanaotaka kulipa soda na asante.

Sasa msimamo wangu ni huu. Shali haionekani na mteja mpaka imewambwa na kukauka. Bei haitajwi mpaka imewambwa. Na siku ya kuwamba inahesabiwa kwenye bei, maana ndiyo siku shali inapozaliwa. Inayofuata nimeshaitaja: 70,000, na mteja hajabisha.

Kama unafuma, au mama yako anafuma, na kuna kitu kimekunjamana chini ya sanduku mlishakikatia tamaa, kitoeni leo. Kichome kipande kidogo mjue ni sufu au plastiki, halafu mtafute beseni.

Kwa leo niishie hapa, dakika zangu za kafe zinakwisha. Mwenye swali au anayejua zaidi yangu aandike hapo chini, nitajibu wote. Pamoja sana!